Kasha la Mama, na Dada Atakayenishtaki

Jumamosi, Madale. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto linanata mwilini. Nimefagia uwanja mara mbili na nimeosha gari ambalo halikuwa chafu. Kukaa siwezi.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Baada ya arobaini nilibaki mimi na funguo za nyumba yake ya Temeke, maana dada yangu Zuhura anaumwa magoti, na kutoka kwake Goba ni mbali. Nilitaka nyumba ipate mpangaji haraka. Akaja mnunuzi wa samani za zamani, akalizunguka lile kasha la misumari ya shaba ambalo Mama alirithi kwa bibi yake, akaligonga, akasikitika. "Limeliwa na dumuzi hili, bosi. Nalichukua kukusaidia tu."

Alinipa bei isiyofika hata ya friji dogo. Nikamshukuru, tena nikamsaidia kulipandisha kwenye kirikuu chake.

Mjinga mimi.

Alhamisi ofisi ilitupeleka semina kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach. Kasha liko mapokezi, limeng'arishwa, juu yake wameweka maua. Nililitambua kwa tundu la msumari niliouchomoa utotoni nikachapwa. Binti wa mapokezi akanitajia kwa fahari bei waliyolinunulia. Kwa pesa hiyo unapata pikipiki mpya na chenji inabaki. Dumuzi hata mmoja hakuna. Chakula cha semina kilinishinda.

Jana jioni nikamfuata jirani yangu Neema, ambaye ni wakili. Nilidhani kesi yangu ni bei.

"Bei ndogo peke yake haivunji mauzo, kaka," akasema. "Uliuza kwa hiari yako. Kama alikudanganya, utathibitishaje na shahidi huna? Haya, msimamizi wa mirathi ni nani?"

Nikamwambia hatujateua.

"Basi uliuza mali ya marehemu bila mamlaka. Hapo ndipo pa kushika. Dada yako ateuliwe msimamizi, kisha adai kasha. Ila mnunuzi hatashtakiwa peke yake. Na wewe umo."

Yaani njia ya kulirudisha inapita kwa mtu ambaye sikumwambia hata kwamba nimeliuza.

Nikiri hapa, maana sina pengine pa kukiri: leo asubuhi, njiani kwenda Goba, nilikuwa nimeshaitunga hadithi ya wezi. Nyumba tupu, mlango dhaifu, nani angebisha?

Zuhura alinipokea kwa chai na vitumbua, kisha akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa binti yake. Binti anaolewa mwaka huu. Kwenye kona, chini ya dirisha, wamesogeza kabati na kupiga deki. "Hapa ndipo pa kasha," akasema. "Mama alimwahidi mjukuu wake."

Hadithi ya wezi nikaiacha. Nikamwambia ukweli wote, nimesimama palepale konani kama mtoto wa shule.

Hakuuliza bei. Aliuliza, "Ulilifungua kwanza? Lilikuwa bado linanukia udi?"

Nikasema sikulifungua.

Hapo ndipo alipolia. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Kesho naita kikao cha familia hapa. Utasema mwenyewe mbele ya mjomba, usinitume mie. Na Jumatatu nakwenda kufungua mirathi. Kama kulipata ni mpaka nikushtaki, nitakushtaki."

Nikaaga. Nimeshafika getini, akaniita.

"Jumatatu unipitie mapema. Mie huko mahakamani sipajui, na magoti haya hayataki kusimama kituoni."

Kwa hiyo nimeosha gari. Hata kiti cha mbele nimekipangusa, na kukisogeza nyuma apate kunyoosha miguu. Mlalamikaji wangu atakaa hapo, nami mlalamikiwa nitaendesha. Kasha likirudi au lisirudi, mimi najiuliza jambo moja tu: kutoka Goba mpaka mahakamani, atanisemesha?