Kwa Twalibu bin Mwishehe, Aliyekinga Mvua kwa Shuka Nyeupe

"Hivi nyie watu, hayo maji ya mvua mnamwogeshea malaika, hata myakinge kwa shuka nyeupe?"

Ndivyo alivyouliza jirani yetu Bi Mwamvita, amesimama kwenye njia ya shambani kwake, ungo wa mihogo kichwani. Nawe ulikuwa umechuchumaa uani unalowa. Ukamjibu bila kugeuka: "Namnywesha mtu asiyekula chumvi, dada."

Mwaka umezunguka, Twalibu bin Mwishehe, tangu ulipotutoka hapa nyumbani kwako Masaki, Kisarawe, na Bi Mwamvita hajaacha kulisimulia jibu lile.

Mtu asiyekula chumvi alikuwa betri. Wengi hapa walijua tu kwamba una kazi Dar es Salaam, kwenye mashua ya matanga ya yule mzungu mpima ramani tuliyemwita Bwana Miwani. Kazi yenyewe hawakuijua. Wakati wa vita, ulipokuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, ulifundishwa kuchaji betri za simu za upepo. Uliporudi ukaikuta mashua ile inasafiri kwa taa za mafuta, na upepo ukivuma kidogo, giza. Ni wewe uliyemshawishi mwenyewe akubali umeme. Ukatandika waya wa shaba kutoka ngamani, chini tumboni mwa chombo, hadi ncha ya mlingoti. Ukafunga taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe juu. Ukaweka betri mbili chini ya kitanda, na dainamo kwenye injini ile ndogo ya kuingilia bandarini. Siku taa zilipowaka zote ulirudi nyumbani ukawa unacheka peke yako kwenye chakula, mpaka mama yako akauliza, "Huyu leo kapewa nini?"

Baada ya hapo ikawa kazi ya kutunza, nayo haikuwa na mwisho. Chumvi ya bahari ikila shaba. Ukiikwangua ile kutu ya kijani kwa kisu, ukipaka grisi, na mwezi ukigeuka kutu imerudi. Kapi za kamba za tanga ukizifungua na kuziosha kwa maji baridi. Pampu ya kutolea maji ngamani ukiijaribu kila ufikapo, hata kama jana yake uliijaribu. Shati lako la kazi lilikuwa na vitundu vya asidi kama lililoliwa na mende. Mkeo Mwanakheri akilitia viraka, nawe ukilitoboa tena, hata likawa viraka vitupu, na bado hukutaka jingine.

Na ulibisha hodi mlangoni kwako mwenyewe. Kila urudipo, ulisimama kizingitini na kikapu chako, ukabisha, ukangoja kukaribishwa. Mkeo akikuuliza, "Mwenye nyumba naye anabisha hodi?" ulisema, "Sijui kama mmeshapata mwingine." Mpaka leo hafungi komeo jioni kabla hajasikiliza kidogo.

Betri hupungukiwa maji, na maji yake hayatakiwi kuwa na chumvi wala chokaa. Ya kununua yalikuwepo mjini, lakini ulisema mvua ya Masaki inayashinda. Manyunyu ya kwanza hukuyakinga, uliyaacha yaoshe hewa. Mvua ya pili ilipoanza ndipo ulipotoka na shuka, ukazifunga ncha zake kwenye vijiti, ukaweka jiwe jeupe katikati, na chini yake bakuli la kauri. Maji ya paa hukuyataka, wala ya debe. Ukayatia kwenye chupa nyeusi za dawa ulizoombaomba mjini, ukazipanga kwenye rafu ya ukumbini, hakuna wa kuzigusa. Chupa zilizozidi uligawa. Dada yako Mwanamvua, aliyeolewa Pangani ya Kibaha, ulimpa moja ya kuwekea mafuta ya nazi.

Ile chupa ya Mwanamvua ndiyo tunayotaka kuikumbuka leo.

Masika yale mama yako, Bi Mwanahalima, aliugua homa isiyotaka kushuka. Uji akaukataa, hata maji akayapokea kwa kubembelezwa. Hukutaka kutoka nyumbani, lakini Bwana Miwani alikuwa katika kujiandaa kwa safari ya Mafia pamoja na mkewe, na betri hazijaongezwa maji. Mwanamvua akawasili jioni kutoka Pangani akiwa na kombe. Mwalimu wao aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza kwa maji na marashi, akayatia kwenye chupa, mgonjwa anywe. Chupa yenyewe ndiyo ile uliyompa. Akaiweka rafuni kwenye zako, kwa kuwa hapo ndipo chupa zilipokaa, akaingia kwa mama yake.

Alfajiri uliswali, ukachukua chupa rafuni gizani, ukaenda zako. Jua lilipotoka, Mwanamvua akamwambia mkeo achukue chupa iliyo mwisho, upande wa dirishani. Mkeo akaichukua, akamnywesha mama kijiko kwa kijiko, huku akisoma Fatiha.

Siku hiyohiyo alasiri ukabisha hodi, ukamkuta mama amekaa kitako, anadai uji uongezwe sukari. Bi Mwamvita alikuwa amekuja kumjulia hali. Mwanamvua akakupokea kikapu kwa furaha.

"Kombe hilo, kaka. Mwalimu wetu si wa kuchezea."

Uliiokota chupa tupu mkekani, ukainusa, kama ulivyozoea kunusa kila chupa.

"Hii mbona haina harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Ya chochote."

"Utakuwa na mafua," Mwanamvua akasema. "Ile ina marashi mpaka mkoba wangu umenukia njia nzima."

Ukakaa chini taratibu. Ukasema, "Basi marashi yako nimeyamimina kwenye betri. Na niliyasikia. Nikadhani ni mke wa Bwana Miwani kapita."

Mwanamvua akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mama yako akawa wa kwanza kusema. "Basi chombo kimekunywa dawa yangu, nami nimekunywa yake. Tungoje tuone nani atatangulia kuamka."

Wote wakacheka, isipokuwa wewe na mkeo. Mkeo alikuwa anafikiri maneno ya Mwenyezi Mungu, yaliyoandikwa na mtu mwenye udhu, yamo ndani ya madini ya risasi na asidi chini ya kitanda cha watu. Wewe ulikuwa unafikiri taa.

"Zitazima?" akakuuliza.

"Sijui, mama Sikuzani. Zafarani na asidi sijawahi kuona zikikaa pamoja. Labda betri hazitadhurika. Labda taa zitazima katikati ya njia ya meli kubwa, na kimashua kile hakuna atakayekiona. Taa za mafuta nimeziondoa mwenyewe. Niliwaambia hawatazihitaji tena."

"Wanaondoka lini?"

"Kesho alfajiri."

Bi Mwamvita akakusogelea, akapunguza sauti, ingawa chumba kizima kilimsikia. "Twalibu, nyamaza. Nani atajua? Mzungu akisikia umemtilia makombe kwenye chombo chake, atasema umemfanyia uchawi. Kazi utakuwa huna, na mama yako ndiye huyu, bado mgonjwa."

Hilo lilikuwa kweli, na wewe ulijua kuliko yeye. Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Fundi wa umeme wa mashua angekwenda wapi hapa Masaki, akafunge waya kwenye mikorosho?

"Yule mama mzungu analala juu ya betri zile," ulisema tu. Kisha ukamgeukia mkeo. "Wewe ungefanyaje?"

Mkeo aliinuka, akaenda rafuni, akanusa chupa moja moja mpaka akaridhika. Akakupa zilizojaa mvua. Halafu akakupa na ile tupu, iliyokuwa ya mama. "Hii ni ya kurudishia maneno," akasema. "Usiyaache huko, baba Sikuzani. Wala usiyamwage watu wanapokanyaga."

Ukapata lori la mkaa likiteremka mjini, ukapanda juu ya magunia.

Uliyotusimulia uliporudi tunayajua kwa moyo, maana watoto walikufanya uyarudie kila mfungo. Ulimkuta Bwana Miwani anakunja tanga. Ukamwambia betri zina maji yasiyo yake.

"Maji gani?"

"Maji yaliyooshewa Kurani, Bwana. Yalikuwa ya mama yangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mama amekunywa nini?"

"Maji ya betri."

Hapo akaruka kwa miguu yote miwili. "Asidi?"

"Hapana, Bwana, mvua. Mvua tupu."

Akakaa juu ya kamba zake, akashusha pumzi. Ndipo akauliza kama betri zitaharibika. Ukamwambia hujui, na kwamba hukutaka alijue jibu akiwa baharini. Ulitusimulia kwamba ulikwisha kuanza kutafuta kwa macho ilipo bisibisi yako, uondoke nayo. Kisha akamwita mkewe akamwambia safari ya Mafia imesogea mbele.

Asubuhi yake ulivuta maji yote ya betri kwa mpira, ukasuuza kila chumba cha betri kwa mvua ya Masaki, ukatia asidi mpya. Ya zamani yalizidi chupa ya mkeo, ikabidi uazime na gudulia la kioo. Hukukubali yamwagwe bandarini, penye mafuta machafu ya meli. Bwana Miwani aliuliza, "Sasa unataka wapi?" Ukamwonyesha nje. Akatweka tanga, akashika usukani mwenyewe, akakupeleka hadi kupita mlango wa bandari, maji yalipokuwa safi na ya kina. Ukayamimina kidogo kidogo. Ulisema yeye alivua kofia, wewe ukasoma. Ulisoma nini hukutuambia kamwe.

Mama yako alipona. Bi Mwamvita, aliyekushauri unyamaze, alikuja wiki ile ile na chupa yake mkononi. "Mgongo unaniuma. Nimekuja kuomba ile dawa ya betri." Ukamjazia, uso mkavu, ukamwonya asichanganye na chumvi. Naye akaapa kwamba imemsaidia.

Watu walimuuliza sana mkeo: kilichomponya mama ni nini, ikiwa kombe lilikwenda chomboni? Alijibu kwamba aliyeshusha aya ndiye aliyeshusha mvua, akaendelea na kazi yake. Tangu hapo ukafunga uzi mwekundu kwenye shingo ya kila chupa ya betri. Nyuzi zipo hadi leo.

Mwaka jana kifua kilipokubana, Mwanamvua alikuja tena kutoka Pangani na kombe, chupa kaifunga ndani ya kitambaa cheupe, kaishika kwa mikono miwili njia yote. Hukuweza kuinuka. Ukaomba uinuse kwanza. Ukamtazama mkeo.

"Marashi yapo," ukasema. "Leo mmepatia."

Tulicheka, nawe ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, na mkeo akakuinua kichwa ukanywa, tone kwa tone, ukamaliza. Safari ile chupa haikukosewa, Twalibu. Na bado ukaondoka. Mkeo amekaa na jambo hilo mwaka mzima. Anasujudu nalo kila swala na halijapungua uzito, wala hajamuuliza Mola wake sababu. Anachoomba ni kwamba huko uliko ukibisha hodi, ukaribishwe.

Bwana Miwani alikuja kwenye hitima yako, akasimama uani na viatu mkononi, asijue aviweke wapi. Alimwambia mama yako kwamba taa zinawaka zote, kushoto, kulia na juu. Mama akamwambia, "Ahsante, baba. Uziongeze maji."

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi, Bi Mwanahalima, mkeo, Mwanakheri, dada yako Mwanamvua na shemeji yako na watoto wao wa Pangani, Kibaha, wanao Sikuzani na Abdala, na Bi Mwamvita, aliyetuambia jina lake likiachwa atahama. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Sisi, kila inyeshapo, tutakutaja.

Tulikuwa tumekaa sote ukumbini kuyaandika haya, Abdala akisoma kwa sauti ili bibi yake asikie, manyunyu yakaanza juu ya makuti. Abdala akaacha kusoma. Manyunyu yakapita. Mvua ya pili ilipoanza kushuka, mama yako, ambaye siku hizi macho yanampa taabu, akainuka bila kushikwa mkono, akaivuta shuka nyeupe kwenye kamba, akapapasa mpaka akalipata bakuli.

"We Bi Mwanahalima," Bi Mwamvita akamwita, "unakwenda kumkingia nani sasa?"

Mama akajitanda shuka kichwani, bakuli mkononi, akatoka mvuani.