Mfuko Uliokuwa Nyuma ya Mlango

Mwanangu Nasrin,

Hamza ndugu yako hakukipoteza kitabu cha baba yenu. Nimeanza na hilo, hata salamu sijakupa, ili ukishindwa kuendelea kusoma liwe limeshakufikia.

Sasa asalaam aleikum huko Lahore, wewe na mama yako. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Rukia binti yangu hajambo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani na cha kwa wazee ninaowahudumia, hakinifikishi ninapotaka kwenda leo. Rukia atakugeuzia kwa Kiingereza, na ameniapia hatapunguza neno. Nimeamua pia barua hii isomwe na kina mama wa hapa Adelphi, maana nilikosa mbele yao.

Unakumbuka siku uliyokuja kwetu? Masanduku mawili na mto wako chini ya kwapa, kama mtu aliyeambiwa Marekani hakuna mito. Chuo kilikuwa kimefunguliwa na hukuwa na pa kukaa, imamu akakuleta kwangu kwa sababu alijua nina chumba cha nyuma. Ukavua viatu mlangoni bila kuambiwa, ukaniita Khala. Nikafurahi, maana kwetu Pangani nasi dada wa mama tunamwita halati. Nikasema moyoni, huyu si mgeni, huyu kapita njia nyingine tu.

Miaka mitano ulikaa nasi. Ulimaliza masomo, ukapata kazi kule Sterling kwenye yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, na bado hukutaka kuhama. Ukawa unaendesha gari kwenda na kurudi kila siku, ukifika unaweka mkoba chini unauliza, "Khala, leo kuna nini?" kabla ya kuuliza hali. Nami sikuielewa kazi yako mpaka ile Jumamosi nachagua mchele kwenye ungo. Rukia akanicheka. "Mama anatafuta mawe ambayo hayapo. Mchele wa hapa hauna mawe." Wewe ukavuta kiti ukakaa karibu nami.

"Usimcheke," ukamwambia. "Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Nakaa mchana kutwa natafuta mawe kwenye namba. Siku nisipoliona hata moja ndiyo naogopa."

Tangu siku hiyo watu wakiniuliza mpangaji wako anafanya nini, nilikuwa nasema anachagua namba. Wakishangaa, nafurahi.

Ulikuwa unaandika pia. Kitabu chako cha kwanza, cha Kiingereza, ulikisoma kwenye duka la vitabu mjini, ukatuweka mimi na Rukia kiti cha mbele. Nusu sikuielewa. Nilipiga makofi watu walipopiga, na mara moja nikapiga peke yangu, ukacheka ukapoteza mstari. Lakini ulichokipenda hasa kilikuwa kile cha pili, cha Kiurdu, cha baba yako. Ulinisimulia habari zake mpaka nikawa kama namjua: karani wa mfereji, anapima maji asubuhi na jioni kwa fimbo yenye alama, anaandika kwenye daftari, miaka yote ya kazi yake. Ulisema namba za kwanza ulizojua maishani mwako ni za maji.

Kila Jumapili asubuhi ulimpigia simu. Simu ukaiegemeza kwenye mkebe wa sukari, baba anasimulia, wewe unaandika kwa mkono, wino wa zambarau. Mimi nakaanga maandazi, naona aibu mafuta yanapiga kelele, nawe unanipa ishara niendelee. Baba yako alikuwa anapenda kuyasikia. Siku moja akauliza, "Huyo mama anapika nini leo?" Ukamgeuzia simu, nikamuonyesha andazi, akasema nimlie moja kwa niaba yake. Nikalila.

Nilikuuliza kwa nini huandiki kwenye kompyuta, wewe mwenye kompyuta tatu.

"Kazini kila kitu nina nakala tatu, Khala. Hiki kina moja."

"Na kikipotea?"

"Baba naye alikuwa na daftari moja. Hakulipoteza."

Nayakumbuka maneno hayo kila ninapotia udhu.

Sasa nifike kwenye msumari. Unaujua, lakini niseme kwa ajili ya wanaosoma. Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi kwenye taka. Iwe kalenda ya msikiti, kadi ya harusi, dua iliyochanika, unaiweka kando, na zikishakuwa nyingi unazifunga kwenye kitambaa safi, unazizika mahali pasipokanyagwa. Nilipokuonyesha mfuko wangu kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma, ulishika kifua. Ukasema bibi yako alikuwa na mfuko kama huo, na msumari kama huo. Basi ukawa wetu sote. Wewe unatia, mimi natia, na kabla ya kila Ramadhani mimi ndiye nilikuwa napeleka kule kwenye miti karibu na kijito, pale ambapo hata wanaotembeza mbwa hawafiki.

Siku uliyohama kwenda Sterling, ile nyumba karibu na kazi, Hamza alikuja na gari kubwa akapakia tangu asubuhi. Kitabu hukutaka kiingie kwenye maboksi. Ulikitia kwenye mfuko wa kitambaa ukautundika nyuma ya mlango, uuchukue mwisho kwa mkono wako. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Adhuhuri simu ikaita kutoka kwenu. Baba amefariki. Ukaketi sakafuni pale pale kwenye korido. Hamza akakuinua, akakuita dada kwa lugha yenu, "Twende, Baji, nitarudi mimi kuchukua vilivyobaki," na kweli alirudi jioni, akabeba maboksi mawili, akaniaga akilia. Mfuko wa nyuma ya mlango hakuna aliyemwambia. Kesho yake wewe na yeye mlikuwa kwenye ndege.

Wiki ya pili Shaaban ikawa inakwisha. Nikaingia chumba cha nyuma kusafisha. Nikakuta mifuko miwili msumarini. Nikafungua wa pili. Karatasi nyingi, nyingine zimefutwafutwa, nyingine zina madoa ya chai, herufi zetu zile zile kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kabisa palikuwa na dua ya maiti iliyopigwa chapa, sijui uliitia lini. Na chini ya hiyo, wino wa zambarau.

Nasrin, wino niliuona. Nisijifanye. Niliuona nikasimama. Nikasema labda kaandika dua za baba yake. Nikasema nimpigie nimuulize. Nikasema yuko matangani, nitamsumbuaje kwa karatasi. Nikasema bismillahi, nikazifunga zote kwenye shuka jeupe nikamwomba Rukia anisindikize. Tukazizika, nikasoma Fatiha, nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilidhani nimekufanyia wema.

Uliporudi kutoka matangani ulinipigia siku ya nne. Nakumbuka nilikuwa naanika nguo.

"Khala, angalia nyuma ya mlango wa chumba changu. Kuna mfuko?"

Nikaenda. Nikaangalia. Msumari ulikuwa mtupu, na hapo ndipo nilipofahamu. Nawe unangoja kwenye simu, nasikia unavyohema.

Nikakujibu, "Hapana, mwanangu. Hakuna kitu nyuma ya mlango."

Na ilikuwa kweli. Wallahi hakukuwa na kitu. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo maishani kama watu wote, lakini hakuna uongo wangu ulioharibu kama huo ukweli.

Ukasema, "Basi ni Hamza. Alirudi peke yake jioni ile. Kakitupa pamoja na takataka."

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, na maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Allah atakupa subira."

Asubuhi yake nilimuamsha Rukia tukaenda na jembe dogo la bustani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Shuka lilikuwa limegeuka zambarau lote, na ndani karatasi zimekuwa kama uji. Nilikaa kwenye tope nikawa nafunua moja moja, zinaniishia vidoleni. Nusu ya ukurasa mmoja tu ilitoka nzima, iliyokuwa katikati kabisa. Niliikausha baina ya taulo mbili. Ninayo.

Naweza kuitamka, unajua, maana Kiurdu chenu nacho mnakiandika kwa herufi za Kiarabu. Chuoni kwa maalim wa Kurani tulifundishwa kusoma kabla ya kufundishwa maana. Kuna herufi zenu zenye nukta nisizozijua, naziruka. Maneno matatu nimeyatambua kwa kuwa yako na kwetu: dunia, wakati, hesabu. Mengine natamka tu kama mtoto. Kuna Wapakistani tele msikitini wangeweza kunisomea, lakini yeyote angeuliza nimeipata wapi. Kwa hiyo sauti ya baba yako ninayo nyumbani miaka yote hii na sijui inasema nini.

Na hayakuishia hapo. Kina mama walipokuja kunipa pole kwa kuondoka kwako, wakaisikia habari ya kitabu, mmoja wao akasema, "Vijana wa kiume hawana uangalifu, ukimpa roho yako aishike ataiacha kwenye kiti cha basi." Wakacheka. Nami nikatikisa kichwa, nikasema, "Ndivyo walivyo." Mnaosoma, mnakumbuka. Nilimtia kijana wa watu mdomoni mwenu, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa na udongo.

Wewe ukaacha kusema naye. Baadaye ukarudi kwenu kufundisha. Rukia ananiambia wanafunzi wako wanakupenda na unaandika makala za kazi, za namba, lakini kitabu kingine hukuandika. Nilikuuliza mara moja kwenye simu. Ukasema, "Kile kilikuwa cha kuandikwa mara moja, Khala. Aliyekuwa anasimulia hayupo." Nikabadilisha mazungumzo, nikakuuliza hali ya hewa ya Lahore.

Sasa nikwambie kwa nini leo. Mwaka huu Mungu amenifungulia njia ya Hija. Nimeanza kuzunguka kutaka radhi kama tunavyofanya, mlango kwa mlango, "Nisameheni niliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua." Watu wanasema tumesamehe, Mungu akutakabalie, hata hawaulizi nini. Inakuwa rahisi mno. Niliridhika kabisa, mpaka alipokuja Hamza.

Alikuja baada ya Idi na boksi la mithai, vile vitamu vya kwenu, kama anavyokuja kila mwaka, hajawahi kuacha. Amekuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu kwenye ndevu. Nikamtilia chai. Akauliza, "Khala, Baji huwa ananitaja?"

Nikasema, "Anakuombea."

Akatabasamu kwa adabu tu. Akasema, "Lile gari nililiuza zamani, lakini kabla sijaliuza nilifungua viti. Sijui mara ngapi nimeyapanga upya yale maboksi kichwani. Mwanzoni nilijua sikukitupa. Siku hizi naona kama nakumbuka nikikitupa. Naona mpaka mkono wangu."

Wallahi, Nasrin, nilimsogezea sahani ya biskuti. Akala moja, akaosha kikombe chake mwenyewe kama kawaida yake, akaniomba nimtaje kwenye dua mbele ya Kaaba, akaondoka.

Rukia alikuwa amesimama jikoni. Ananijibu kwa Kiingereza siku zote, unamjua, lakini siku hiyo alitafuta Kiswahili chake chote. Akasema, "Mama, utakwenda Makka kumuombea kwa kosa lako?"

Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Maalim wetu alitufundisha tukiwa wadogo kwamba haki ya Mungu ni baina yako na Mungu, lakini haki ya mja haifutwi na Hija wala na machozi, ni lazima mwenyewe akuachie. Nililijua hilo kwa moyo, nikalipita. Nimemwambia kiongozi wa msafara nafasi yangu ampe mtu mwingine mwaka huu. Akashtuka, akauliza ni magoti? Nikasema siyo magoti.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Uchukue muda wako, na ukitaka kunikasirikia mpaka kufa, ni haki yako. Ninaloomba ni dogo na halinihusu. Mpigie Hamza. Mpigie yeye kabla ya kunipigia mimi, na kabla hasira ya kosa langu haijakujaa ukashindwa kusema. Rukia anampelekea nakala ya barua hii leo hii, lakini msamaha wa dada haupelekwi na mtu mwingine. Mwambie ule mkono anaouona si wake.

Na ile nusu ya ukurasa nimeitia kwenye mfuko safi, nimeutundika pale pale. Chumba sijampangisha mtu. Kila asubuhi nafungua mlango, nautazama, naurudisha.

Siku utakayoweza, nipigie, uniulize tena kama kuna kitu nyuma ya mlango.

Mimi Khala wako,
wa Adelphi