Tepe ya Tatu ya Kasimiri

Jumanne, 3 Machi 1992

Kasimiri wangu kaja! Kikosi chao kinatengeneza daraja njia ya Chala, lile lililobebwa na mvua. Koplo mzima, tepe mbili mkononi! Anasema ya tatu iko njiani, ila mpaka Luteni wao ampendekeze. Luteni Lwitiko, kijana wa Mbeya, katoka chuo juzi tu. Nikauliza, ni mkali? Kasema, si mkali mama, mgeni. Akitoa amri, askari wananitazama mimi kwanza.

Nikapiga vigelegele. Yeye hakucheka. "Mama, hilo ndilo litakaloninyima tepe."

Jumatano, 4 Machi

Bombani nimemwambia Mama Hellena kwamba Kasimiri ni sajini. Limenitoka tu! Kufika jioni mtaa mzima unaniita Mama Sajini. Sikukanusha. Kwani si atakuwa?

Ijumaa, 6 Machi

Kesho naita watu shambani kupiga ntumba, matuta yetu ya kufukia majani. Pombe ya ulezi imeiva, hiyo ni pombe! Kasimiri kapewa ruhusa, anakuja na askari sita, na Luteni naye kaahidi kufika. Msimamizi nimemweka yeye. Sheria yangu wanaijua wote: anayechelewa hashiki jembe, anachota maji mtoni mpaka kazi iishe. Mwaka jana nilimchotesha katekista.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika hapa hapa shambani, nyuma ya mtungi.

Asubuhi ilikuwa raha. Kasimiri kapanga mstari, askari na majirani pamoja, majembe yanashuka kwa mpigo mmoja. Hata Mama Hellena alinyamaza — ajabu! Jua limeshapanda, huyo Luteni na baiskeli. Mwembamba, masikio makubwa, maskini, nani anampikia? Askari wakakakamaa, majembe begani kama bunduki. Kaja moja kwa moja kwangu:

"Shikamoo, Mama Koplo."

Koplo! Mbele ya watu wote! Mama Hellena akauliza kwa sauti, kumbe jeshini koplo na sajini ni kitu kimoja? Nikainamia mtungi, nakoroga pombe isiyohitaji kukorogwa.

Luteni akaokota jembe. Yule mwanamke tena: "Huyo kachelewa! Au tepe za mkononi zinaogopa nyota za begani?"

Askari wote macho kwa Kasimiri. Nikamkonyeza — mwache mwanangu, tepe yako hiyo! Hakunitazama. Kapiga saluti safi, kasema taratibu: "Afande, aliyechelewa anachota maji. Ndoo ile pale."

Nikafumba macho. Kuyafumbua, Luteni anateremka bondeni na ndoo! Safari ya kwanza askari walicheka. Ya pili mmoja akampokea. Ya nne, kalowa mpaka kiunoni, kasimama mwisho wa mstari akasema, "Nyie wawili, tuta limepinda, lirudieni."

Wakalirudia. Papo hapo! Wala hawakumtazama mwanangu!

Mimi nikaumia. Kasimiri, eti, anatabasamu.

Sasa Luteni kamwita pembeni, kule mtoni. Wamesimama wawili, ndoo katikati. Luteni anaongea, ananyoosha kidole huku kwetu. Kasimiri kakakamaa. Sisikii hata neno. Mama Hellena kaja kunibana ubavuni: wanasema nini wale?

Nimemwambia, mambo ya jeshi hayo, siruhusiwi kuyatoa.