Mkeka Wako Uko Ukutani

Ikolo, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa kila asubuhi niliyokosa kukuamkia. Kifua chako kinaendeleaje na baridi za huko Bonde? Goti je? Yule mbuzi mweupe mkaidi bado anakula ukindu wako ukiuanika, au mmemchinja? Mimi ni mzima. Homa imenijia mara mbili tangu barua yangu ya mwisho, na mara zote mbili imeondoka yenyewe.

Najua barua hii anakusomea dada Ester, nawe umekaa na ukili mapajani, vidole vinakwenda. Ester, nakuomba usome kama nilivyoandika. Usiruke pa aibu, wala usiongeze mahubiri yako.

Barua yenu ilinifikia imelowa pembe zote, tarishi aliivukisha mito mingi ya huku. Habari za nyumbani zilikuwa nyingi, lakini wewe mama ulituma swali moja tu: mkeka umekwisha kutandikwa? Nimelisoma swali hilo mara nyingi, kisha nikalikimbia wiki nzima. Leo nalijibu, ila nivumilie nianzie mbali, maana jibu likitangulia peke yake utatupa ukili wako chini.

Mkeka ule haujatandikwa, mama. Uko ukutani, darasani. Na una matundu.

Tulia kwanza. Nakumbuka vizuri ulichoniambia siku ninaondoka. Ulisema umeusuka misimu mitatu, na ile mistari myekundu na ya zambarau umeipatia rangi kwa shida, na kwamba nisiulalie peke yangu hata nikikosa pa kulala. Nimekutii. Miezi miwili na zaidi ya safari nililala juu ya majani, juu ya mchanga, na usiku mmoja juu ya gunia la chumvi la mtu, mkeka ukiwa umefungwa begani kwangu. Wapagazi walinicheka, wakasema mwalimu amebeba bibi harusi asiye na miguu. Basi ujue sikuudharau.

Shule yangu ni ya mianzi, imesilibwa kwa udongo. Watu wa huku ni hodari wa mianzi, nyumba zao nzuri hata mtu anaona haya kuingia na miguu ya matope. Lakini mvua ya Ikolo si mvua ya kwetu. Inanyesha mpaka kuta zinatoa jasho. Wakubwa wa boma walitupa picha mbili za kubandika darasani, moja ya gari la moshi na moja ya Kaisari mwenyewe na masharubu yake. Nikazibandika kwa uji wa muhogo, nikajiona fundi. Mchwa wakaupenda ule uji. Walimla Kaisari kuanzia viatu, na nilipogundua walikuwa wamefika kwenye mkanda.

Kilichobaki cha Kaisari nilihitaji kukiweka mahali ambapo hakigusi udongo. Nilitazama chumba changu chote: sufuria, biblia, kanzu mbili, mkeka. Niliufungua siku hiyo kwa mara ya kwanza, mama, na harufu ya nyumbani ikatoka humo. Nililia kidogo. Halafu nikautundika kwa kamba kutoka kwenye boriti, ukaning'inia hatua moja mbele ya ukuta, nikamshika Kaisari kwa miiba ya mlimau. Nilisema ni kwa siku mbili tatu.

Watoto walipoingia asubuhi hawakumtazama Kaisari. Waliutazama mkeka. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na hapa Ester asikilize kwa masikio ya mwalimu, maana aliniuliza wale wanafunzi wake wadogo wasiotulia awafanyeje.

Ester, ukuta wako usiwe wa kwako. Mimi nilianza kwa kuchoma mkekani kwa miiba herufi tano nilizozikata kwenye mwanzi, nikaona watoto wanazitazama siku ya kwanza, siku ya pili wamezizoea kama nzi. Nikawaambia basi, leteni nyinyi. Karatasi hatuna, lakini migomba iko kila mahali, na lile ganda kavu la shina lake ukilibanjua linakubali mkaa vizuri sana. Herufi N ilipofika, kila mtoto alileta kitu chake chenye N: manyoya ya njiwa, nyasi, na mmoja alileta nyoka, amekufa, nashukuru. Msimu wa mvua tuliteremsha kamba pembeni, kila siku ya mvua fundo moja, na hesabu yote ya kujumlisha nimeifundishia hapo. Wale visubi wa ziwani walipoinuka kama moshi, watu wakawakamata kwa vikapu kutengeneza kitoweo, watoto walichora siku ile nzima na kuandika chini yake maneno yao wenyewe. Mtoto aliyekuwa hajui kuandika jina lake wiki ya kwanza alilijua wiki ya tatu, kwa sababu bila jina hakuna aliyeamini kuwa kile kilichochomwa pale ni chake. Na kila Jumatatu tunatungua vya zamani, isipokuwa sura za watu. Ukiacha kitu ukutani mpaka kipauke, watoto wanajifunza kutoangalia.

Mama, huko nyuma nasikia unasema, "Na miiba?" Ndiyo, miiba. Samahani. Naendelea.

Jumamosi wanawake huja kusiliba sakafu ya shule. Hawaambiwi na mtu, ndivyo walivyo, uchafu unawauma. Wakimaliza husimama mbele ya mkeka wako mikono ikiwa na matope, kila mmoja anatafuta kazi ya mwanawe, na vicheko vinafika barabarani. Mmoja aliuliza aliyesuka ni nani. Nikasema mama yangu. Wakakusalimu hapo hapo, "Ndaga fijo," ndiyo asante sana ya huku, kana kwamba umesimama pale.

Basi kuna kasichana kanaitwa Tusajigwe, mikono yake ina kipaji. Niliwaambia wachore watu wa nyumbani kwao. Tusajigwe akamchora babu yake, mzee Mwakipesile: mgongo uliopinda, kiko kirefu, sikio la kushoto lililoraruliwa na pembe ya ng'ombe. Ukimwona ukutani unataka kumpa kiti. Nikaichoma katikati. Mzee akapata habari, akaja kujitazama, akarudi kesho yake na rafiki zake, na kesho kutwa akaja peke yake akiwa amejipaka mafuta.

Jumamosi, wanawake wa kwanza walifika mlangoni. Wakatazama. Wakavuta nguo zao wakajifunika nyuso, wakageuka wakakimbia kupitia migombani, mmoja akaacha chungu chake cha udongo pale pale. Sakafu haikusilibwa. Jumatatu watoto waliokuja walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa zaidi ya thelathini, mama. Nilijiuliza nimemkosea nani. Nilidhani labda ni ugonjwa, labda ni maneno ya mtu. Nilikaa siku nne nikifundisha wale kumi na mmoja, na niseme ukweli, nilianza kufunga kitabu changu.

Siku ya tano akaja binti wa mzee Mwakipesile, kitinda mimba wake. Jina lake Atupele. Alisimama mbele ya mkeka, akamtazama baba yake pale ukutani, akacheka mpaka akaketi.

"Mugonile, mwalimu," alinisalimu alipopata pumzi. "Umemweka baba katikati ya njia. Wake wa kaka zangu watapita wapi?"

Ndipo akanifundisha mimi mwalimu. Huku mwanamke akiolewa hamtazami baba mkwe wake maisha yake yote. Hamtaji jina, hapiti alipo, akimwona mbali anaacha njia na kujifunika. Na si baba wa mume tu, hata ndugu za huyo baba. Huko ndiko kumheshimu. Sasa mzee Mwakipesile ana wana wengi, na nusu ya mama wa darasa langu ni wakwe zake. Nilikuwa nimewafungia mlango kwa sura ya mzee, na watoto wao nao hawakuthubutu kuja shule ambayo mama zao hawawezi kuikaribia.

"Nitaibandua," nilisema.

"Ukiibandua utamuua baba. Na Tusajigwe atalia." Akawaza. "Mgeuze. Jumamosi atazame ukuta."

Tukafanya hivyo. Kila Jumamosi, kabla wanawake hawajafika, Atupele alikuja kumgeuza baba yake, maana yeye ni mtoto, si mkwe, anaweza kumtazama apendavyo. Wanawake waliuliza kutoka barabarani, "Amegeuzwa?" Naye akajibu, "Amegeuka, piteni." Darasa likajaa tena, na Jumatatu mzee alirudi kujitazama kama kawaida.

Mama, nadhani umekwisha kuona ninakokwenda. Wewe huona mapema. Zile Jumamosi nilizoea kuzihesabu tangu Jumapili. Ana maneno makali na mkono mwepesi, na akicheka anaegemea kitu chochote kilicho karibu. Nilimtuma mzee mmoja wa kanisa kwa baba yake, kama inavyopasa. Mzee Mwakipesile alijibu kwamba yeye hana neno baya na mtu aliyemweka katikati ya mkeka, lakini binti yake ana kinywa chake. Nikamwuliza mwenyewe. Nikamwambia mimi ni mgeni, kwetu ni mbali, sina ndugu huku hata mmoja wa kumwonyesha. Alitazama nje akasema, "Mvua inakuja," akaondoka. Mvua haikuja. Miezi miwili sikupata jibu, na ndiyo miezi ile ambayo swali lako lilinikuta. Ndiyo maana nililikimbia.

Wakati ule watoto waliniuliza kama mimi sina wazazi, maana watu wa kila nyumba wako ukutani isipokuwa wangu. Nikawasimulia. Nikasema mama yangu ni mfupi, anasuka ukili akitembea, na ukili unamfuata nyuma njia nzima. Nikasema baba yangu ni marehemu, nilimzika nikiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa na ndevu na pengo la mbele, akivaa kofia ya ukindu uliyomshonea wewe, hata kanisani mpaka akumbushwe. Sikuwa nimemtaja kwa sauti muda mrefu. Tusajigwe alikwenda kuwachora. Baba ndevu zimefika kitovuni, lakini pengo na kofia ni vyake kabisa, mama. Nikawachoma katikati, nyinyi wawili, chini ya nusu ya Kaisari.

Jumamosi Atupele alikuja. Akaniuliza, "Hawa?"

"Mama yangu. Na huyu ni baba yangu."

Alimtazama baba muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu ambacho hatakiona tena. Akamgeuza mzee wake, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata wanawake walimtangulia, wakawa wanangoja nje. Atupele akaja. Alipofika mlangoni akasimama, akavuta nguo yake akajifunika uso wote, akaingia akiwa ameupa mkeka mgongo. Akarudi nyuma kidogo kidogo, akapapasa kwa mkono mpaka akampata baba yake, akamgeuza bila kutazama, akatoka huku ameinama.

Mimi, mjinga wa Bonde, nilihuzunika. Nilidhani nimemuudhi. Tusajigwe akanivuta mkono akaninong'oneza, "Mwalimu, shangazi amemkimbia baba yako." Na huko nje vikapigwa vigelegele, mama, vigelegele mpaka mzee Mwakipesile akatokea ng'ambo ya barabara na kiko chake kuuliza kuna nini, na wakwe zake wakajifunika.

Nililia, sikuona haya. Baba alikufa hana mkwe wa kumkimbia. Sasa anaye.

Basi jibu la swali lako: mkeka utatandikwa baada ya mavuno ya mpunga, Mungu akipenda, nikipata radhi yako. Bila radhi yako sitaugusa, utabaki ukutani. Matundu yake ni mengi, usiniulize idadi. Wanawake wa hapa wamesema wataziba kwa nyuzi zao, Atupele amekataa, anasema yaachwe, anajua kila tundu ni la mtoto gani. Ester, nifanyie hisani, mwulize mama sasa hivi, kabla hujakunja karatasi, uandike neno lake kama atakavyolisema.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, shangazi mwenye duka la chumvi, mwalimu wetu mzee aliyenifundisha kushika kalamu, na jirani yetu mfinyanzi, umwambie huku angepata wenzake wengi. Wapakate watoto wa Ester kwa niaba yangu.

Ndani ya barua hii utakuta ganda la mgomba limekunjwa. Ni wewe, na ukili wako unakufuata. Picha ya baba sikuletei, mama. Ikitoka ukutani Atupele atapita pale uso wazi, nami nimekwisha kupenda anavyojifunika.

Mwanao akupendaye,
Yakobo