Majina Yangu Yote Mizanini

Jumatano, 3 Julai 2024
Winifrida amefika! Mjukuu wangu wa kompyuta. Amekonda, nimemsema kabla hajatua begi. Jumamosi anaonyesha kazi yake kwenye ushirika wetu hapa Mpui. Ikikubali, wanamwajiri. Ikizima mbele ya watu, anarudi Dar. Sitaki arudi.

Alhamisi, 4 Julai
Nimemwambia anieleze kama binadamu. Kumbe ni programu mbili. Ya kwanza iko mizanini, inaandika jina la mkulima na kilo za mazao yake. Ya pili inasoma, inatangaza kwa spika. Hazisemeshani — zinatumia sehemu moja ya kumbukumbu ndani ya kompyuta. Huyu anaweka, yule anachukua. Nimeelewa, tena upesi!
Tukajaribu kwa majirani. Coleta sawa. Alipofuata Dominiko, spika ikaita “Domita”. Dominiko akauliza huyo amebatizwa lini. Msomaji alikuwa na haraka, kachukua jina halijaisha kuandikwa, mkia wa Coleta ukabaki. Winifrida ameweka kufuli: anayeandika anafunga, akimaliza anafungua.

Ijumaa, 5 Julai
Kufuli safi! Ndipo nikatoa jina langu. La ubatizo, la kipaimara, la baba, la babu, la ukoo. Programu zote mbili — kimya. Zimekufa.
Winifrida akasema ameacha nafasi ya majina mawili, maandishi yamefurika hadi kusikokuwa kwake. Nani kamtuma atupime sisi Wafipa kwa majina ya Dar? Akanibembeleza kesho nitaje mawili. Nimekataa. Askofu hakunipaka mafuta bure.
Amenuna. Halafu akakaa kazini. Sasa programu ipime urefu kwanza, ikiona nafasi haitoshi iongeze, ndipo iandike. Ugali wake umepoa, nimemgombeza, hasikii.

Jumamosi, 6 Julai
Baridi, foleni ndefu. Watu wanapita, haijazima! Zamu yangu imefika. Nestory, mwenyekiti wa ushirika, kaniomba nitaje mawili tu, tusiharibu. Nikamtazama mtoto, midomo imemkauka. Kwa ajili yake ningetaja hata moja. Nilikuwa nafungua mdomo.
“Bibi,” Winifrida akasema, “taja yote.”
Nimetaja, polepole. Anayaandika. Nimekalia gunia langu, naandika huku nasubiri. Nestory amekunja uso. Winifrida amebonyeza. Kimya — kimya bado — spika imekohoa: “Fransiska Yosefina Evaristi —”