Kamshafti ya Verna

Jumamosi, 3 Aprili 1971
Injini ya gari la mashindano la mke wangu, Verna, iko wazi mezani. Kamshafti imekwisha! Zile nundu zake zinazofungua vali zimelika. Nitafute nyingine kabla msimu wa mashindano haujaanza. Duane, kaka yake, kaja na donati na ushauri. Anataka ile kubwa, yenye nundu ndefu, vali zikae wazi zaidi. "Lyle shemeji, dada yangu anashindana au anapeleka maziwa?" Verna kacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nilicheka kidogo.

Jumanne, 6 Aprili
Nimerudi kutoka dukani na kamshafti ndogo, yenye nundu fupi. Nikamweleza Verna: uwanja wetu wa mbio, ule wa maonyesho ya kilimo, ni mfupi, udongo mtupu, kona baada ya kona. Kubwa haiamki mpaka injini ipige mayowe. Ukitoka kwenye kona, bado imelala. Ndogo inavuta tangu chini. Yote kweli. Ila sikumwambia kwamba ile kubwa niliishika, nikaona tena gari lake linapinduka Agosti iliyopita, nami nimekwama nyuma ya uzio. Nilitaka kumpunguzia mbio. Basi.

Alhamisi, 8 Aprili
Verna kanisoma usoni. Eti niseme moja—naichagulia injini au namchagulia yeye? Nikasema injini. Kanitazama weee! Kisha kakunja mikono ya shati, tukaiingiza kamshafti pamoja, taratibu, kila nundu imepakwa mafuta mazito. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 10 Aprili
Mazoezi. Naandika nimeegemea tela, mwandiko gani huu! Mzunguko wa kwanza alikuwa anaupima udongo tu. Wa pili—Mungu wangu! Anachomoka kwenye kona kama kasukumwa. Wenzake wana kamshafti kubwa, injini zao zinakohoa nyuma yake. Sijawahi kumwona na mbio hizi, hata mwaka jana. Duane kavua kofia. "Nimekubali, shemeji. Ulijua ulichokuwa unafanya."
Eti nilijua!
Nimemjibu asante.
Sasa anaingia kona ya mbali, kajibana kabisa na ukuta. Natega sikio nisikie akiachia pedali ya mafuta apunguze mwendo. Hajaachia. Duane anashangilia. Bado hajaachia—