Mbao Nilizokunyima

Mzee Kanji,

Maji yameshuka. Barabara ya Malindi imefunguka juzi, malori yanafika tena Garsen. Cherehani zako ni nzima, nimezitia mafuta zote mbili. Wateja bado wanakuulizia, hasa kina mama wa Idsowe. Wanasema mimi mabega ya gauni siyawezi.

Mzee wangu, nina neno limenikaa kooni tangu siku ile.

Uliniagiza mara ngapi? "Salome, nikifa nichome, majivu mtoni. Msinifukie." Ukanieleza na sababu: roho iking'ang'ania mwili na vitu vyake itarudi kuzaliwa, iugue tena, izeeke tena, ilie tena. Mateso ya dunia, ulisema, yanatokana na kushikilia. Nami nikikutania: "Mimi Mkristo, mzee. Nazaliwa mara moja tu, yatosha!" Ulikuwa ukicheka mpaka miwani inaanguka.

Basi malaria ikakuchukua, mafuriko yametuzingira kote. Wazee wetu wa Kipokomo, na Waorma waliokimbilia mjini na ng'ombe wao, walikuja wote. Wakazunguka kutafuta kuni. Zote zimelowa chapachapa. Wakaniuliza, dukani hamna mbao kavu? Nikasema hamna.

Hamna! Na rafu za mbao kavu za mbambakofi zimejaa ukuta mzima, na kaunta, na ile meza kubwa ya kukatia uliyosema itakuwa yangu. Nilifikiria nitashonea wapi, nitakula nini. Wakakuchimbia kaburi kwa heshima, kila mtu na dua yake, wakijua wamefanya wema. Na kweli ni wema. Kosa ni langu peke yangu.

Sasa kila nikilaza kitambaa pale mezani, nakikunja tena bila kukikata. Yale mateso uliyokuwa ukinieleza nimeyajua, mzee, wala sikuhitaji kuzaliwa mara ya pili.

Mwanao ameandika barua kutoka Uingereza. Ananishukuru kwa kukuuguza, anasema kama hukuchomwa ni mafuriko, si kosa la mtu. Niliisoma nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Nisamehe. Kesho namjibu, namweleza kweli yote, hata akinifukuza dukani. Akija, nitampeleka kaburini, na akitaka ufukuliwe uchomwe, mbao za dukani nitazing'oa mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, mzee wangu. Kama bado umefungika huku duniani, ni mimi niliyekufunga.

Salome wako